Pasaka Ilipita Hajagusa Ugali

Kwa miaka mitatu Celestina alisali akiwa ameketi. Kanisani alikaa benchi la mbele, upande wa wazee, na padre alipoinua hostia, watu wote wakashuka chini kama mpunga uliolazwa na upepo, yeye alibaki juu pamoja na bibi wawili waliokwisha kuvuka miaka themanini. Yeye alikuwa na hamsini na mbili tu. Magoti yake hayakuwa yamezeeka, yalikuwa yamechoka kubeba kilo mia na sita. Mara ya mwisho alijaribu siku ya Ijumaa Kuu. Kushuka alishuka vizuri, ila kuinuka kulimshinda, ikabidi wanakwaya wawili waache wimbo katikati waje kumnyanyua.

Na kwa Msukuma, kupiga magoti si jambo la kanisani peke yake. Mama yake alimfundisha kumsalimia mkubwa kwa magoti kabla hajamfundisha kusonga ugali. Kwa hiyo kila alipoomba akiwa ameketi, aliona kama anamsalimia Mungu kupitia dirishani, bila kuingia ndani.

Mwezi wa kwanza alikwenda zahanati kutafuta dawa ya kuchua. Tabibu, kijana mpole aitwaye Elineema, alimpima sukari na presha, akampandisha kwenye mizani, kisha akakaa naye.

"Mama, sukari imeanza kuchungulia mlangoni. Haijaingia. Ukiamua leo, itarudi ilikotoka."

"Na magoti?"

"Magoti hayana ugonjwa mkubwa. Yana mzigo."

Akamwambia aache ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi, mkate, chapati na soda. Ale mayai, samaki, nyama, mboga za majani, parachichi na karanga kidogo. Na arudi kila mwezi apimwe, asije akajifanyia udaktari mwenyewe.

Celestina alimsikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa muuza mchele katika soko la Kilosa, na mumewe, Shigela, alikuwa akilima mpunga Tindiga. Mtoto wao Paulina alisomeshwa kwa mpunga mpaka chuo.

"Daktari," alisema taratibu, "ugali ukitoka, mchuzi nitaulia nini?"

"Kijiko, mama."

Elineema alicheka. Celestina hakucheka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mateso. Kichwa kilimuuma, miguu ikawa mizito, na kila jioni nyumba za jirani zilipoanza kunukia ugali wa moto, mate yalimjaa mdomoni kama mtoto. Hapo ndipo alipojiwekea utaratibu wake. Hamu ikija, asibishane nayo. Ainame kidogo pale alipo aombe, hata kama ni Salamu Maria moja. Akimaliza, mara nyingi hamu nayo ilikuwa imepita njia yake. Isipopita, aliomba tena.

Shigela aliporudi kutoka shambani alimkuta anakula sato na mchicha, sahani haina kingine. Alisimama mlangoni na jembe lake begani.

"Mke wangu, unataka watu waseme nimeshindwa kukulisha?"

"Nataka kupiga magoti, baba Paulina."

Shigela aliweka jembe chini. Kesho yake alirudi na trei mbili za mayai.

Zaidi ya mumewe na tabibu, mtu mmoja tu alijua habari hiyo, naye ni Maganga, Mnyamwezi mwenye mashine ya kukoboa nyuma ya soko. Celestina alihitaji kujipima kila wiki, na Maganga alikuwa na mizani ya magunia. Tena walikuwa watani, na mtani hakasirikiwi. Kila Jumamosi, mashine ikizimwa na wateja wakiondoka, Celestina alivua viatu akapanda.

"Mia na tatu!" Maganga alisema wiki ya tano. "Msukuma anaisha huyu! Nikakuandalie msiba?"

"Andaa wa kwako. Tangu lini Mnyamwezi akaandaa msiba wa mwenzake?"

"Shuka, shuka, utaniharibia mizani."

Watu wengine hakuwaambia. Aliogopa kushindwa njiani wakamcheka. Na kulikuwa na jambo jingine: nani atanunua mchele kwa mwanamke anayesema wali umemnenepesha?

Kosa lilianzia hapo.

Kwaresima ilipoingia, jumuiya yao ndogo ilikutana kila Alhamisi katika nyumba tofauti. Baada ya sala huletwa chai na maandazi, au viazi. Celestina alikunywa chai kavu isiyo na sukari, sahani akaipitisha kwa jirani. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema neno. Wiki ya pili wanawake walitazamana. Wiki ya tatu, Costancia, mshonaji aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, alimvuta pembeni.

"Mama Paulina, usiniambie, maana mfungo hautangazwi. Nimeona mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Uniwekee Danieli wangu humo."

Danieli alikuwa mwanawe wa pekee, fundi magari Mikumi. Miaka miwili iliyopita alimwoa Yusrah, binti wa Kiislamu, mbele ya mkuu wa wilaya, na Costancia akamwambia maneno ambayo mama hapaswi kuyasema. Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia hata sauti ya mwenzake.

Celestina alifungua mdomo aseme, "Sijafunga, dada, napunguza mwili." Akamwona Costancia alivyomkazia macho, kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Mdomo ukafungwa.

"Nitamwombea," alisema. Na hilo lilikuwa kweli.

Habari ya mfungo haikuhitaji redio. Monica akaleta habari za mume wake mlevi. Mzee Petro akaleta ng'ombe wake aliyepotea njia ya Tindiga. Celestina aliyaandika majina yote katika daftari la mwanafunzi, na tangu hapo hamu ya ugali ilipokuja, hakusali tena Salamu Maria tupu, alimtaja mtu. Ndizi za kukaanga zilimpeleka kwa Monica. Chapati zilimpeleka kwa Mzee Petro. Na ugali, ambao ulimjia mara nyingi kuliko vyote, ulimpeleka kwa Danieli na mama yake.

Kisha Pasaka ikafika. Jumuiya ilichinja mbuzi, ikapika pilau sufuria mbili, na Celestina alikula nyama na kachumbari tu. Watu wakaanza kuitazama sahani yake.

"Pasaka imepita bado kafunga!" Monica alinong'ona, lakini mnong'ono wa Monica ulikuwa unafika barabarani. "Huyu mama si wa kawaida."

Jumamosi iliyofuata Celestina alipanda mizani na uso umenuna.

"Tisini na tatu!" Maganga akapiga kofi. "Mbona hucheki? Kilo kumi na tatu hizo, nusu debe limebaki uje kuwa kama mtu."

Akamweleza. Maganga alisikiliza huku akifuta vumbi la pumba usoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wa haraka.

"Sasa sikiliza, Msukuma. Wao wamekosea, hilo si dhambi. Wewe umenyamaza, hilo ni lako. Waambie. Usipowaambia, mimi nitapanda juu ya hii mizani nitangaze soko zima."

"Costancia atavunjika moyo. Anasema Danieli amempigia simu. Amempigia, Maganga! Anasema ni mfungo wangu."

"Mungu ndiye aliyesema hivyo, au Costancia?"

Celestina aliinama akavaa viatu.

Jumatatu Costancia alikuja nyumbani amevaa kitenge kipya. Danieli alikuwa amemwita Mikumi. Alitaka kwenda, ila aliogopa kwenda peke yake. "Twende wote, mama Paulina. Wewe ndiye uliyeifungua njia."

Celestina alikubali, na njia nzima alitafuta nafasi ya kusema, lakini Costancia hakuacha kuongea hata kidogo. Alieleza Danieli alivyozaliwa, Danieli alivyoanza kutembea, Danieli alivyofungua redio ya baba yake na kushindwa kuifunga. Hata nyani waliokaa kando ya barabara karibu na mji walimkumbusha kitu fulani alichofanya Danieli akiwa darasa la tatu.

Nyumba ilikuwa nyuma ya gereji, vyumba viwili, kumefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Danieli alitoka amenawa mikono lakini grisi haijatoka kwenye kucha. Alisimama. Mama yake naye alisimama. Kisha Costancia akasema, "Umekonda, mwanangu," na yule mwanamume mrefu akainama akalia begani kwa mama yake.

Yusrah alikuwa mlangoni, mtandio wake umefungwa vizuri, mikono haijui ikae wapi. "Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba," Costancia alijibu. Marahaba yake ilikuwa sahihi lakini ya baridi kidogo, na kila mtu aliisikia.

Walitandikiwa mkeka. Yusrah akaleta maji ya kunawa, kisha sinia kubwa: wali wa nazi unaofuka moshi, na kuku wa kienyeji pembeni. Celestina alijua kwa harufu tu kwamba mchele ule ulitoka mabondeni Tindiga. Yusrah alikaa kwenye kigoda, hakula, akatazama mikono ya wageni wake. Hakuwa amewahi kumpikia mama mkwe. Costancia alinyoosha mkono akala tonge la kwanza, akatafuna taratibu.

Mkono wa Celestina ulibaki mapajani.

Akaona uso wa Yusrah unavyobadilika. Aliielewa sura ile. Ni ya mtu anayejiambia kwamba chakula chake kimekataliwa kwa sababu ya mikono iliyokipika. Na Costancia, kwa nia njema kabisa, akazidisha: "Usijali, binti. Mama huyu yuko kwenye mfungo. Tangu Kwaresima. Amefunga kwa ajili yenu."

Yusrah aliinamisha kichwa. "Kwa ajili yetu? Kwani sisi tulikuwa na ugonjwa gani?"

Danieli akaacha kutafuna. Celestina aliona kwamba akinyamaza mara hii, kile kilichojengwa asubuhi ile kitabomoka kabla ya kunawa mikono. Akamwomba Mungu ujasiri, kwa ufupi sana, maana hapakuwa na nafasi.

"Mimi sijafunga," alisema. "Yusrah, mwanangu, chakula chako kinanukia kuliko vyote nilivyonusa mwaka huu, na mimi nauza mchele. Siwezi kukila kwa sababu nilikuwa na kilo mia na sita na sukari ilikuwa mlangoni. Daktari amenikataza wali na ugali. Napunguza mwili, basi. Mama Danieli alidhani ni mfungo, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza."

Nje lori lilipita barabara kuu, vyombo vikatikisika. Kisha Yusrah akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakaanza kutetemeka.

"Tangu Kwaresima!" alisema alipoweza. "Mama, sisi Ramadhani tunafunga, lakini magharibi tunakula!"

Danieli akaangua kicheko. Costancia hakucheka. Alikuwa amemgeukia Celestina, tonge la pili limesimama mkononi.

"Kwa hiyo hakuna aliyenifungia."

"Hakuna, dada."

"Na uliposema utamwombea, ulikuwa unanidanganya?"

"Hilo hapana. Nilijiwekea kwamba kila nikitamani ugali, namtaja Danieli na wewe. Sikukosa siku hata moja."

"Ulikuwa unautamani mara ngapi kwa siku?"

Celestina alifikiri kwa uaminifu. "Asubuhi kidogo. Mchana sana. Jioni ndiyo usiseme. Na usiku nikiota."

Costancia aliliweka tonge ukingoni mwa sinia. Kisha pembe za mdomo zikaanza kumsaliti. "Msukuma na ugali!" alisema. "Kumbe nimeombewa kuliko papa!" Akacheka mpaka akaegemea bega la mkwe wake, bila kukumbuka lilikuwa bega la nani. Yusrah alikaa tuli, kama mtu aliyetuliwa na ndege, asije akamrusha.

Baadaye kidogo aliinuka akamletea Celestina paja la kuku, bakuli la mchuzi, bamia na parachichi lililokatwa. "Na kijiko, mama," alisema. Celestina alikula akashiba, na Costancia akaomba wali aongezewe, kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa njaa.

Walipotaka kuondoka, Costancia alisema hawezi kutoka nyumba ile bila kumshukuru Mungu. Akamwomba Yusrah ruhusa; Yusrah akasema shukrani haina mlango wa kukataliwa, akafungua viganja vyake pale alipokaa. Danieli akapiga magoti, mama yake pia. Celestina alitazama mkeka. Alishika ukuta, akateremsha goti la kushoto, kisha la kulia. Alisubiri yale maumivu kama ya msumari. Kulikuwa na kubanwa kidogo tu, kama kiatu kipya.

Celestina hakuwa na maneno mengi. Aliwataja wale watatu waliokuwa naye chumbani, akamtaja Monica na mumewe, akamtaja ng'ombe wa Mzee Petro. Kisha maneno yakaisha na yeye akabaki palepale, kichwa chini, mikono imeshikana, mahali alipokuwa amepatafuta muda mrefu. Wengine walisema amina. Danieli aliinuka, akaanza kutafuta funguo za pikipiki awasindikize stendi.

"Mama," Yusrah alimnong'oneza Costancia, "ameshindwa kuinuka? Nimsaidie?"

"Mwache," alisema Costancia. "Ndiyo kwanza amefika."