Ntumba ya Faith

Mtu akiisema vibaya sekondari yetu mbele yangu, hata akiwa mume wangu, siku hiyo chakula atakikuta kimepoa. Mimi Albina nilisoma pale wakati shule ingali ya bweni. Nilitokea Mwazye na sanduku la bati kichwani, na hadi leo nikipita barabara ya chini nikayaona yale mabati mekundu juu ya kilima, moyo unanienda mbio. Cha kale dhahabu, na anayebisha aje sokoni Mazwi dukani kwangu tubishane.

Siyo kwamba tulikuwa tunaponda raha. Baridi ya Juni ilitukata vidole, maji ya kuoga tuliyapasua barafu juu kwa kikombe, na uji wa ulezi ulipochelewa tuliimba nyimbo za kumsuta mpishi mpaka akatoka na mwiko. Lakini tulikuwa na shamba la shule, na shamba lile ndilo ninaloliota mpaka leo.

Kwetu Ufipa, mvua zinapoelekea ukingoni na majani yangali mabichi, tunayalaza na kuyafunika kwa udongo mpaka panatokea kilima kidogo cha mviringo. Hiyo ndiyo ntumba. Majani yanaozea humo kiangazi chote, na mvua mpya zikianza ntumba inabomolewa, udongo wake unatandazwa na ulezi unapandwa juu yake. Pale shuleni kila mwanafunzi alikuwa na ntumba yake. Wa kidato cha nne walikuwa wanaondoka kabla ya kupanda, kwa hiyo kulikuwa na desturi: anayeondoka anapanda juu ya ntumba yake na kumtaja kwa jina yule atakayeitandaza. Haikuandikwa popote. Ukishatajwa, umetajwa.

Mimi nilitajwa na Stumai. Alikuwa binti wa wavuvi wa Kirando, alikuja shuleni akidhani jembe ni la kuchimbia makaburi tu, na ntumba yake ililala upande mmoja kama kofia ya mlevi. Siku aliyoondoka alipanda juu yake, ikataka kumporomosha, akasema, "Ntumba yangu namwachia Albina." Wenzangu walinicheka. Mimi nililia, kwa sababu Stumai alikuwa na marafiki wengi wa maana kunizidi, na akanichagua mimi. Ulezi wa ile ntumba mbovu ulistawi mpaka mwalimu wa kilimo akawaleta watu kuutazama.

Basi binti yangu Faith alipopangiwa shule ileile, nilimshukuru Mungu kanisani kwa sauti. Alipofika kidato cha tatu ndipo baba yake, Adriano, akaanza maneno. Adriano hushinda Kasesya mpakani kwenye kazi za malori, na huko kila dereva ana maoni yake kuhusu elimu. Akaniambia dada yake Coleta, anayeishi Mbeya, yuko tayari kumpokea Faith, na kwamba jirani naye kuna shule ya serikali yenye maabara na walimu wa sayansi. Uhamisho ungewezekana Julai, mradi wazazi wote wawili tuafiki.

Mimi sikuafiki. Nilimwambia shule ni mtoto mwenyewe, na kwamba yeye hajui kitu kwa sababu hakusoma pale. Nilimwuliza Faith mara moja tu, nikiwa namsuka, shule anaionaje. Akajibu, "Iko poa, mama." Hilo neno nikalifanya ngao. Kila Adriano alipopiga simu nilimrudishia: mwenyewe kasema iko poa.

Mwezi wa Mei mkuu wa shule, Mwalimu Evans, aliita wazazi na wanafunzi tukae pamoja, kila mmoja aseme shule anaionaje. Nilivaa kitenge changu cha harusi. Ukumbi ulikuwa uleule, hata dirisha lililovunjika enzi zetu lilikuwa bado limevunjika, nami nikalitazama kwa mapenzi.

Watu walisema. Justina, jirani yangu, alisema vyoo vya wasichana havina milango, na yeye binti yake hanywi maji kutwa nzima kwa kuogopa kwenda. Baba mmoja alisema watoto wanapanda kilima na njaa na kushuka na njaa. Mzee Tadei alisimama akasema wao walisoma kwa viboko na njaa na wakatoka watu, na mtu wa nyuma akauliza kwa upole walitoka watu gani. Ukumbi mzima ulicheka, na mzee mwenyewe akacheka.

Kisha nikasimama mimi. Domo langu mnalijua. Niliwaeleza uji, nyimbo, barafu kwenye ndoo. Niliwaeleza ntumba ya Stumai mpaka mama mmoja akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Nilisema shule siyo milango ya vyoo, shule ni watu. Nikamalizia kwamba binti yangu yuko hapa na hapahapa atamalizia. Walinipigia makofi, nikaketi nikitengeneza kitenge magotini.

Ikaja zamu ya wanafunzi. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Faith.

Aliwaamkia wazazi shikamooni, kisha akamtazama Mwalimu Evans, siyo mimi. "Shule yetu tunaipenda," alisema. "Lakini tangu kidato cha kwanza hatujapata mwalimu wa fizikia. Tunafundishana wenyewe, na hatujui kama tunafundishana sahihi au makosa. Mimi nataka kuwa mhandisi wa maji." "Nimejaribu kumwambia mama. Kila nikianza, ananihadithia ntumba ya Stumai."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mwalimu Evans alikiri kwamba ni kweli, kwamba mwalimu mmoja wa fizikia aliwahi kuletwa, akaripoti, baridi ikamshinda, akaomba kuhama kabla hata hajapangiwa darasa. Mimi nilikuwa natazama lile dirisha, na kwa mara ya kwanza nililiona kuwa ni dirisha bovu tu, na kwamba watoto wa watu walikuwa wanapigwa na upepo.

Tuliposhuka kilima nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimevuliwa nguo mbele ya watu, tena na mwanangu wa kumzaa. Nilitembea mbele, yeye nyuma, mpaka tukafika ukingoni mwa shamba la shule. Hapo uvumilivu ukaniishia, nikageuka nikamwuliza kwa nini basi aliniambia iko poa.

"Ulikuwa umefurahi sana, mama," alisema. "Ukiisimulia shule unakuwa kama mdogo wangu. Sikutaka kukuharibia."

Hasira yote iliniisha. Nilikaa chini kwenye nyasi na kitenge changu cha harusi, nikalia, na Faith akakaa karibu yangu akiniondolea majani yaliyoning'ang'ania mgongoni. Mtoto alikuwa amenibeba mwaka wa tatu sasa, akiogopa nisianguke, wakati mimi ndiye niliyepaswa kumbeba. Palepale nilimpigia Adriano nikamwambia nimeafiki. Akauliza kama naumwa.

Julai tulipanda kilimani kuchukua karatasi za uhamisho. Jane, rafiki yake Faith, alitusindikiza. Tulipomaliza ofisini Faith akasema tupitie shambani kwanza. Shamba limepungua, nusu yake imeota nyasi, lakini ntumba bado wanatengeneza, na yake ilikuwa imara, ya mviringo, siyo kama ya Stumai. Maharage aliyoyapanda juu yake yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Ile desturi ya kutajana nilijua imekufa zamani, shule ilipoacha kuwa ya bweni. Hakuna mtoto hata mmoja wa siku hizi aliyewahi kuiona.

Faith akapanda juu ya ntumba yake na sweta lake la shule. Upepo ulikuwa mkali, ikabidi atanue miguu. Jane akatabasamu, akidhani ni yeye atakayetajwa. Nami nilidhani hivyo.

"Ntumba yangu namwachia Albina," alisema, kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kulitamka jina langu. Kwetu mtoto hamtaji mzazi wake jina, na siku nyingine yoyote ningemkemea. Jane ndiye aliyecheka kwanza, tukacheka wote watatu, kisha nikamshika mkono mwanangu akashuka.

Mvua za Novemba zilipoanza nilifunga duka, nikachukua jembe la mama yangu nikapanda kilima. Wanafunzi waliniamkia shikamoo na kusimama kunitazama, wakishangaa mama wa duka anabomoa ntumba ya nani. Majani ndani yalikuwa yameoza vizuri, meusi, yakitoa ile harufu niliyokuwa nimeisahau. Nilitandaza udongo, nikamwaga ulezi, nikaufukia kwa tawi. Niliimba na ule wimbo wetu wa kumsuta mpishi, polepole, watoto wasinisikie.

Faith alipiga simu nikiwa bado shambani. Alinieleza habari za mwalimu wao wa fizikia, kwamba ni mwanamke, kwamba anafundisha kwa kamba na mawe. Safari hii nilinyamaza nikamsikiliza mpaka salio lake likaisha.

Halafu sikwenda nyumbani. Nilipita ukumbini, nikapita lile dirisha, nikaingia ofisini kwa Mwalimu Evans na matope yangu miguuni. Nilimwambia kwamba Jane na wenzake bado wanafundishana wenyewe, na kwamba nitakuja kumwulizia mwalimu wa fizikia kila nitakapokuja kupalilia.