Kiti cha Nyuma

...bolti ya kushoto imeingia, ya kulia haitaki, naizungusha kwa vidole kwanza kama Muhsin alivyonifundisha, usilazimishe kwa spana kabla uzi haujashika, lakini uzi haushiki, tundu limejaa kutu, au vumbi, miezi minane limekaa wazi, na mimi nimepiga magoti humu ndani ya Starlet yangu, kichwa kimegusa paa, kiti cha nyuma kimenilalia mapajani, kinanuka moshi na maziwa, kinanuka nyumba ya yeyo, nyumba ya mama yangu, na huko nje, kwenye kivuli cha gereji, baba anamwambia Muhsin kwamba mvua za mwaka huu zilipita Kwaluguru kama mgeni asiyetaka hata chai, majani hayajafika kwenye kwato, na Muhsin anasema pole mzee, hapa Korogwe Manundu nako ni hivyohivyo, labda huko juu Vugiri... nawasikia, siwasikii, bolti haitaki. Kukitoa kulikuwa rahisi. Dakika ishirini, bolti nne, nilijifunza kwenye simu, yule kijana wa kwenye video alisema kama huna hela ya injini kubwa basi anza na uzito, uzito ni bure, kila kilo unayoitoa gari linakushukuru, nami dukani kwangu Handeni nauza dawa za mifugo, ningeitoa wapi hela ya injini, nikatoa kiti, nikatoa zulia, nikatoa jeki, nikatoa tairi la akiba, nikaliinua kwa mkono mmoja nikasema tazama, Muhsin, nguvu ya bure hii, naye akacheka, akanikatia springi kwa msumeno wa umeme gari likalala chini kama chui, akaniunganishia ekzosi ya bomba pana, nikanunua rimu pana na matairi yake ya mtumba, membamba ubavuni kama chapati, na Jumapili moja nikatoka Handeni hadi Korogwe kwa dakika thelathini na nane, Enock, tuliyekuwa tunashindana, na gari lake kubwa nilimwacha Misima, watu mjini wakaanza kunijua kwa mlio kabla hawajaniona. Nashilu mke wangu aliuliza swali moja tu, "Na watoto watakaa wapi?" nikamwambia tutaona. Kiti na tairi nikavipeleka Kwaluguru kwa wazazi, nyumbani kwangu sikuwa na pa kuviweka, na yeyo akakipenda kile kiti, akakiweka nje ukutani, akawa anakikalia anatunga shanga zake, wageni wakija anawaambia karibuni, nimekaa kwenye gari la Ezra, tatizo lake haliniondoi hapa, anacheka mpaka anafuta macho kwa kanga... ingia basi, ingia. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, baba akapiga simu, baba ambaye hapigi simu, akasema mama yako ameanguka zizini, mkono haunyanyuki, mdomo umekwenda upande, nikamchukua Nashilu, tukafika zahanati ya Kwaluguru na wao wamefika, na nesi akasema ni kiharusi, anatakiwa Korogwe, gari la wagonjwa limeshaitwa, liko njiani, mlazeni hapa msubiri, na mimi nikasema, mbele ya baba, mbele ya wote, "Litakapofika hapa mimi nitakuwa nimeshafika Korogwe." Nesi akasema kaka, subiri. Sikusubiri. Na hili sijamwambia mtu, hata Nashilu, kwamba wakati nageuza ufunguo kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichofurahi, yeyo anakoroma huko nyuma na mimi nafurahi, leo wataona gari hili ni la nini, leo hakuna atakayesema ni utoto. Tulimlaza kwenye godoro juu ya bati tupu, palipokuwa na kiti, Nashilu amempakata kichwa, na zile springi nilizozikata zikawa zinampelekea kila tuta na kila kokoto moja kwa moja mgongoni, akawa anaguna, na Nashilu akawa anasema taratibu, baba Naomi, taratibu, nami nilikuwa nasikia injini. Tulishapita Sindeni. Shimo lenyewe halikuzidi bakuli. Lile tairi jembamba likapasuka, rimu ikaanza kusaga lami, nikasimama pembeni, jua la saa saba, hakuna nyumba, na baba akashuka, akalizunguka gari pole pole, akaniuliza, "Tairi lingine liko wapi?" na mimi nikamwangalia usoni nikasema, "Gari hizi ndogo haziji na tairi la akiba, baba." Hivyo tu, kama namsomea mteja karatasi ya dawa. Akanitazama. Akasema, "Sawa." Kisha akavua shuka lake la juu akalishika dirishani kwa mikono miwili, jua lisimpige yeyo, akabaki amesimama hivyo, sijui muda gani, mikono juu, mpaka lile gari la wagonjwa nililolikataa likatokea nyuma yetu, na nesi yuleyule akashuka mbio, akamwekea yeyo vidole viwili shingoni, na baada ya hapo hakukimbia tena. Miezi miwili sasa. Msibani watu waliponipa mkono baba alikuwa anawajibu yeye, "Ezra alijitahidi, gari likaharibika njiani, ni mipango ya Mungu," na mimi nikawa nainamisha kichwa, nikisema moyoni afadhali hajui, mzee huyu anajua ng'ombe, hajui magari, mwache na mipango yake ya Mungu, akijua itamuua, namlinda, hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia kila nikikosa usingizi, namlinda. Na juzi akasema kliniki ya macho yake Korogwe ni Alhamisi, ndiyo leo, nirudishe kile kiti, siku nyingine wajukuu waje naye, hataki kusafiri peke yake mbele kama mzigo... "Ezra," Muhsin anaita, "na lile tairi lako la akiba je? Tungelirudisha leoleo." Mkono wangu umesimama. Muhsin hana kosa, nilimwambia tu gari liliharibika, hajui nilichosema barabarani, nasikia nyundo ya gereji ya pili, sasa baba atauliza tairi gani, sasa nitasema nini, nitasema Muhsin amechanganya na gari la mtu mwingine, nimeshaupata uongo na uko tayari mdomoni... na baba anasema, kwa sauti yake ileile ya mvua na majani, "Liko nyumbani. Liko pale penye ndama. Mama yake alikuwa analifunika gunia, jua lisilipasue. Na mimi nalifunika." Muhsin anasema ungekuja nalo mzee. "Nilitaka," anasema baba, "nikaona nimsubiri mwenyewe aliseme." Penye ndama. Analiona kila asubuhi akifungua ndama, alikuwa akiliona mwezi baada ya mwezi kabla ya siku ile, alilijua aliponiuliza liko wapi, alilijua akisema sawa, alisimama na shuka lake mikono juu akilijua, mkewe anakufa mbele yake na mwanawe anamdanganya, akaona amsitiri mwanawe mbele ya mke wake, akanisitiri msibani, mtu mmoja mmoja, mkono mmoja mmoja, na mimi nikidhani ndiye asiyejua, nikidhani mimi ndiye ninayembeba. Miezi miwili ananisubiri. Kiti kimekuwa kizito, au miguu imekufa ganzi, machozi yanadondoka kwenye spana na sina mkono wa kuyafuta, na ule uongo bado uko mdomoni, naumeza, unashuka kwa shida. "Ezra," baba anaita, "umefika wapi?" Bolti ya kulia bado iko katikati ya vidole, haijashika hata uzi mmoja. "Bado, baba," nasema. Kisha nasema, "Baba, siku ile..." na nasikia kigoda kikiburutwa kuja karibu na mlango, magoti yake yakilia anapoketi tena, na mkono wake unaingia ndani ya gari, unapapasa kitambaa cha kiti mpaka unapata bega langu. "Sema taratibu," anasema, "kliniki ni saa nane."