Hewa ya Heru Juu

Wewe ulisikia kijiji cha Heru Juu wanauza hewa, ukacheka, ukageuza uso. Uwimana, katibu wa kamati ya msitu wa kijiji, hakucheka. Wakala wa kwanza wa kununua hewa hiyo, miaka kumi na mitano nyuma, aligawa fulana, akabeba sahihi za wanakijiji, akayeyuka. Wafanyakazi hewa tunawajua; ule ulikuwa mkataba hewa.

Mwezi uliopita akaja mwingine, Badru, kwenye mkutano wa kijiji, na karatasi za kufunga msitu usikatwe miaka thelathini.

"Mama, saini tu. Nchi mbili, yetu na ya wanunuzi, zimeshakubaliana."

"Zimekubaliana nini, baba?"

"Hewa ukaa inayonyonywa na miti yenu ihesabiwe kwao."

"Ego, ndiyo, na huku kwetu ifutwe, isihesabiwe mara mbili. Redio ninayo. Barua ya serikali ya kuidhinisha iko wapi?"

Badru akapekua mkoba. "Inakuja."

"Afadhali yule wa fulana. Zake zilifika!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Uwimana akafunika kalamu.

Jumatatu hii Badru amerudi na barua yenye muhuri, na mgao wa fedha wa kijiji umeandikwa humo kwa Kiswahili. Uwimana ameisoma yote kwa sauti, ndipo akasaini.

Kijiji chako nacho kina msitu. Inuka leo, nenda ofisi ya kijiji, dai barua ya kuidhinisha isomwe mbele yako kabla ya yeyote kusaini.