Uzi wa Njano

"Nani ameanika soksi juu ya mkate?"

Hakuna aliyejibu. Katika nyumba ile ya vyumba viwili, swali lolote lililoanza na nani lilikuwa na watuhumiwa wanne na halikuwa na shahidi hata mmoja. Mama alizishika soksi kwa ncha za vidole, akazitupa kwenye beseni, akaukagua mkate. Aliukata vilevile, maana saa kumi na mbili na nusu ilikuwa imeshapita na saa moja kamili alitakiwa awe kazini.

Kifungua mimba wake, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa mbele ya kioo tangu alfajiri akihangaika na nywele ambazo, kwa macho ya mama, zilikuwa zilezile za jana. Kitinda mimba, mvulana wa miaka sita, alikuwa amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto huku akiapa kwamba ndivyo vilivyo. Baba yao, fundi wa kupaka rangi majumba, alisimama mbele ya kabati lililo wazi akiuliza sukari iko wapi.

"Iko mbele ya pua yako."

"Siioni."

"Basi iite, itakuitika."

Baba alikuwa mtu wa kutafuta vitu kwa mdomo. Miaka kumi na saba ya ndoa, na hajawahi kuiona sukari kwa macho yake mwenyewe. Mama aliinyakua, akaisukuma mezani kati ya redio na makopo ya rangi, akaendelea kutafuta kiatu chake mwenyewe, ambacho hakuna aliyejitolea kumtafutia.

Na wa kati? Binti wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshaoga, ameshakunywa chai, ameshaosha kikombe chake, na sasa ameketi ukingoni mwa kitanda. Huyo hakumsumbua mtu. Mama alizoea kumsifia mbele ya majirani: huyu wangu wa kati, hata ukimsahau ndani hutajua kama yumo. Aliyasema hayo kwa fahari mpaka Jumamosi iliyopita, walipokuwa wakiosha vyombo na mtoto akazungumza bila kuinua uso.

"Mama Mkubwa amesema naweza kwenda kukaa kwake. Kwake kuna meza."

Mama Mkubwa ni dada yake mama, karani mstaafu, mwenye nyumba tulivu karibu na shule na watoto waliokwisha kuondoka kila mmoja na njia yake. "Hata hapa meza ipo," mama alijibu. Kweli ilikuwepo, ila ilikuwa haionekani kwa vitu. Baba alisema mwache aende, akichoka atarudi. Mama akasema sawa. Aliisema kwa hasira, na wiki nzima akangoja mtu amwambie kwamba najua hukumaanisha. Hakuna aliyemwambia. Leo saa tisa dada yake angekuja kumchukua mtoto.

"Begi umefunga?" mama aliuliza, mguu mmoja ukiwa na kiatu.

"Nimefunga."

"Usije ukasahau kitu halafu nianze kutumwa kukuletea."

"Sijasahau."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtoto hakununa, hakulia, hakutaka kubembelezwa. Angalau angegombana kidogo, mama angepata pa kuanzia. Mama alitoka akiwa amefura, akaubamiza mlango, kisha akarudi kuufungua kwa sababu alikuwa amesahau funguo.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Yeye hakufua, mashine ndizo zilizofua. Kazi yake ilikuwa kutia alama. Kila shuka, kila foronya, kila gauni la mgonjwa lilikuwa na mshono mdogo wa uzi wa rangi kwenye pembe: nyekundu kwa wodi ya upasuaji, kijani kwa wazazi, njano kwa watoto. Yeye ndiye aliyeshona alama hizo, na ndiye aliyepanga mafurushi kila kitu kirudi kwao. Wenzake walimwita Mama Uzi. Alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari, na mambo yalipokwenda ovyo hakuona sababu ya kunyamaza.

"Shuka hili linarudi mara ya tatu wiki hii," alimwambia mpiga pasi, mwanamke mnene mcheshi aliyefanya naye kazi meza moja kwa miaka minane. "Tazama. Lina uzi mwekundu na wa kijani. Upasuaji wanasema ni la wazazi, wazazi wanasema ni la upasuaji. Linazunguka tu."

"Kila mtu anadhani lina mwenyewe," alisema mpiga pasi.

"Aliyetia uzi wa pili ni mvivu. Unafumua kwanza wa zamani, ndipo unatia mpya. Nimesema mara ngapi?"

"Umesema mpaka mashine zinajua." Mpiga pasi aliweka pasi pembeni na kumtazama. "Leo una nini, shoga yangu? Tangu asubuhi unashindana kelele na mitambo."

"Binti yangu anahama. Anakwenda kukaa kwa dada yangu."

"Nani, yule wa nywele?"

"Hapana. Wa kati."

Mpiga pasi alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Kumbe una wa kati? Mimi nilijua unao wawili. Wa nywele namjua, na yule wa viatu namjua. Huyo hujawahi kumtaja."

"Nitamtaja kwa lipi? Hana makosa," mama alisema kwa ukali.

"Basi," mpiga pasi alisema taratibu, akachukua pasi yake.

Mama alifumua uzi wa kijani kwenye lile shuka, akafumua na ule mwekundu kwa makosa, akabaki na shuka lisilo na alama yoyote mikononi. Alimkasirikia mpiga pasi mpaka saa saba, muda wa kutoka. Njiani kurudi nyumbani aliendelea kumjibu kimoyomoyo, na kila jibu lilikuwa zuri kuliko lililotangulia, na hakuna hata moja lililomsaidia.

Nyumbani alimkuta wa kati peke yake. Baba alikuwa kazini, mkubwa amemchukua mdogo kwenda kucheza nje. Begi lilikuwa karibu na mlango. Mama alilinyanyua ili alisogeze, na mkono wake ukapanda juu kwa kasi, maana alikuwa amejiandaa kwa uzito ambao haukuwemo.

Akalifungua. Mlikuwa na madaftari, mswaki, taulo, ndala, nguo za ndani, na sweta moja jipya ambalo Mama Mkubwa alimletea alipofaulu mtihani.

"Nguo zako ziko wapi?"

"Ni hizo."

"Nauliza nguo. Gauni la bluu, sketi, ile blauzi ya mikono mirefu. Unahamia kwa watu na sweta?"

"Zile ni za Dada."

"Za Dada wapi? Dada hata mkono hauingii."

"Zina uzi mwekundu," alisema mtoto. Alisema kama anavyojibu darasani, bila lawama yoyote. "Ulisema mtu asichukue kitu chenye uzi wa mwenzake. Nimechukua vyangu tu."

Ni kweli alisema. Miaka sita nyuma, alipochoshwa na ugomvi wa hili langu na lile langu, aliileta kazi yake nyumbani. Nyekundu kwa mkubwa, njano kwa wa kati, kijani kwa mdogo. Alama ilishonwa ndani ya kola, kwenye pindo, kwenye pembe ya taulo. Mwenye uzi ndiye mwenye kitu, na kesi imekwisha. Siku ile alilala usingizi mzuri, akijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote mtaani.

Mama alivuta droo ya wa kati, akaimwaga yote sakafuni. Alikunjua kola ya gauni la bluu: nyekundu. Sketi: nyekundu. Blauzi, nyekundu. Gauni la kulalia, nyekundu, na uzi wenyewe umefifia kwa kufuliwa. Mkubwa alinunuliwa kwa sababu alikuwa akikua. Mdogo alinunuliwa kwa sababu alikuwa mvulana na magauni ya dada zake hayakumfaa. Wa kati alirithi, na kila aliporithi mama alisema leo nimechoka, nitafumua kesho.

Alisimama, akapapasa juu ya kabati palipokuwa na kopo la nyuzi. Kidonge cha uzi mwekundu kilikuwa cha tatu kununuliwa. Cha kijani kilikuwa nusu. Cha njano kilikuwa kinene bado, na kibandiko cha dukani kimeshika vizuri. Miaka sita, na uzi uliotoka hapo ulitosha taulo na foronya.

Mama alitaka kumfokea mtu. Alitazama huku na huku akamkosa. Akaona aibu, aibu ya kweli, inayopanda mpaka masikioni, na kwa kuwa hakujua la kufanya na aibu aliketi sakafuni katikati ya zile nguo na kuanza kufumua.

"Hodi humu ndani."

Mama Mkubwa aliingia na mwavuli wake na viatu vilivyong'arishwa. Mtoto alisimama, akampokea mwavuli.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Uko tayari?" Kisha akamwona ndugu yake sakafuni. "Na wewe vipi? Unafua au unahama?"

"Karibu, dada. Keti. Bado kidogo."

"Bado nini? Mtoto amevaa, begi lipo. Gari letu ni la saa kumi."

"Begi halina kitu."

"Nguo si nitamnunulia."

"Usimnunulie," mama alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, akaishusha. "Dada, nakuheshimu. Niache nimalize hii."

Mama Mkubwa alihamisha kopo la rangi kutoka kwenye kiti na kuketi. Mkasi ulilia tik, tik, ukikata nyuzi nyekundu moja moja. Mama alimaliza gauni la bluu, akachukua uzi wa njano na kujaribu kuutia kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akaulowesha kwa ulimi, ukapita pembeni tena. Kazini alitia nyuzi mia kwa siku bila kuangalia.

Mtoto alimtazama, kisha akachuchumaa, akachukua sindano na kuutunga mara moja. Akamrudishia.

"Nikwambie ukweli," mama alisema akiwa ameinamia kola. "Sitaki uende. Wiki nzima nimenuna kwa sababu sitaki. Sikukuambia kwa sababu nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu hukuniomba kitu hata kimoja, ukaenda kuomba meza kwa mtu mwingine. Lakini ukienda, utakwenda na vyako. Sitaki mtu aseme binti yangu alitoka kwangu mikono mitupu."

Mama Mkubwa aliitazama saa yake, akauvuta mkono wa blauzi yake ukaifunika.

Mama alikata uzi kwa meno, akaweka gauni la bluu pembeni, likiwa na mshono wa njano ndani ya kola. Akachukua sketi, akaifumua, akaishona. Akachukua blauzi ya mikono mirefu.

"Hiyo usiishone," mtoto alisema.

"Kwa nini?"

"Inanibana kwapani."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa unashughulika na viatu vya mdogo." Alifikiri kidogo, akaamua kumaliza kabisa. "Na lile gauni la bluu silipendi. Halina mifuko. Sketi naipenda. Lakini ni fupi, mwalimu ameshaniambia mara mbili. Na mimi sipendi mayai ya kuchemsha, Mama, kila siku unanipa yale ambayo Dada ameyakataa."

Mama aliishika blauzi mikononi. Mtu mwingine tena wa kulalamika. Walikuwa watatu tayari, na yeye mwenyewe wa nne. Alihisi ile hasira yake ya kila siku ikimpanda, hasira ya soksi na mkate na sukari, na kwa mara ya kwanza ikamfikia na huyu.

"Sasa mimi nitajuaje?" alifoka. "Mtu anakaa kimya miaka kumi na miwili, nitajuaje? Unadhani nina macho ya nyuma? Simama hapa. Simama wima, tuone."

Mtoto alisimama. Futi ya kupimia ilikuwa kazini, kwenye mfuko wa koti la kazi, kwa hiyo mama alipiga magoti nyuma yake, akatanua kiganja na kuanza kwa shubiri, kutoka shingoni kushuka mgongoni. Moja. Mbili. Mtoto alijinyoosha zaidi, akazuia pumzi ili asimharibie hesabu.

"Gari la saa kumi limekwisha kupita," Mama Mkubwa alisema polepole, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Mama hakumsikia. Alikuwa amefika shubiri ya nne, na goti la mtoto lilikuwa bado chini zaidi ya mahali alipodhani lingekuwepo. Alisita, akarudisha mkono shingoni, akaanza tena kupima upya.