Aliyejitia Kifafa

Raimundi alimleta mkewe, Yosefina, hospitalini kwa bajaji kutoka kijiji cha Mbingu, lakini aliyembeba hadi chumba cha dharura ni dereva. Yeye alibaki mlangoni, mikono nyuma. Huku bondeni wengi bado wanaamini kwamba ukimgusa mtu aliyeshikwa na kifafa, unaambukizwa.

Yosefina alikuwa akitetemeka kitandani. Daktari Agnella alitazama macho kwanza. Yalikuwa yamefumbwa, na alipojaribu kuyafunua, kope zilikaza. Katika kifafa cha kweli macho kwa kawaida hubaki wazi. Ulimi haukuwa na jeraha. Mtetemeko ulipokoma, aliuinua mkono wa mgonjwa juu ya uso na kuuachia. Uliukwepa uso, ukaangukia pembeni.

"Huyu dada anaigiza," alisema muuguzi Brigita, bila kupunguza sauti.

Raimundi akaingia ndani. "Kwa hiyo si kifafa?"

"Si kifafa," Agnella alijibu. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuwa na mazoea ya kusema vingine.

"Basi naondoka naye. Amka, Mama Edna, umeshatuaibisha vya kutosha." Akamshika mkewe kifundo cha mkono.

Agnella alimwambia asubiri. Mtu anaweza kuigiza ugonjwa mmoja huku akiumwa mwingine, na presha haiigizwi. Ya Yosefina ilikuwa imeshuka tangu afike, na moyo ulikuwa ukienda mbio. Alipobonyezwa chini ya mbavu za kushoto, uso ulijikunja kabla hajauzuia. Ultrasaundi ilionyesha damu tumboni.

Kabla hajaulizwa, Raimundi alieleza kwamba mkewe alianguka kutoka kwenye dungu akifukuza ndege kwenye mpunga. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kile kifundo.

Agnella aliinama, akamweleza mgonjwa kwamba anavuja damu ndani na anapelekwa kupasuliwa sasa hivi. Kisha akauliza, "Uliumiaje?"

Kope zilitikisika. Akinyamaza, ingeandikwa kwamba alianguka, na akipona angerudishwa Mbingu na mtu huyohuyo. Yosefina alifumbua macho. Hakumtazama daktari, alimtazama mumewe.

"Sikuanguka," alisema. "Alinipiga mateke. Nilipojitia kifafa ndipo akaacha."

Raimundi aliuachia mkono. Brigita alifungua breki za kitanda na kuanza kukisukuma, na Agnella akasimama mbele ya Raimundi mpaka mlinzi wa getini alipofika.