Mkono Usiotaka

"Fungua hiyo kitu, bana! Msimu unaisha leo jioni!" Ngari alipaza sauti kuushinda mngurumo wa mashine.

Gichuki akajifanya hasikii. Alikuwa amekinga kiganja chini ya mdomo wa mashine ya posho, unga ukimwagikia vidoleni ungali moto, naye akiufikicha kwa dole gumba kujua kama umelainika vya kutosha. Mama Rispah hakuwa mtu wa kusagiwa unga wa chengachenga. Angeurudisha, tena na maneno juu.

Ngari, mwendesha boda boda asiye na abiria asubuhi hiyo, aliegemea mlango na simu ya Gichuki mkononi. Kwenye kioo, ndani ya mchezo ambao vijana wote wa Kiminini waliucheza, sanduku la dhahabu lilikuwa linatikisika peke yake. Gichuki alilipata zamani kidogo kwa kuliua joka la pango la mwisho, na tangu hapo hajaligusa. Ndani yake lingeweza kutoka Joho la Radi, ambalo hakuna mchezaji wa Kiminini aliyewahi kulivaa. Ingeweza pia kutoka kamba, takataka ambayo mchezo humpa kila mtu. Ni bahati nasibu, inayopigwa papo hapo mtu anapobonyeza.

Lakini hebu waambie vijana wa Kiminini habari ya bahati nasibu, uone watakavyokucheka! Wao wana kanuni zao. Yuko anayegeuza simu ielekee Mlima Elgon. Yuko asiyekula yai siku ya kufungua. Ngari mwenyewe hubonyeza kwa kidole cha mwisho cha kushoto, pumzi ameibana, na ole wako ukitaja jina la kitu anachokitafuta. Ila kanuni moja waliiheshimu wote: sanduku kubwa halifunguliwi na mwenye kulitaka. Utafute mkono baridi, mkono wa mtu asiye na haja, umpe abonyeze. Sanduku linanusa tamaa, walisema.

Na mkono baridi kuliko yote ulikuwa wa Nakhumicha.

Alikuja siku moja na debe la mahindi, msichana wa Bungoma aliyekuwa ameajiriwa kwenye duka la mbolea ng'ambo ya barabara. Gichuki akamwomba abonyeze. "Ni nini hii? Mchezo ya watoto?" akauliza, akabonyeza huku macho yakiwa kwenye mahindi yake. Ikaanguka Ngao ya Simba. Vijana nusura wambebe mabegani! Kuanzia hapo walimfuata hadi dukani na simu zao, naye akawabonyezea huku anapima mbolea, na vitu vikaanguka, jamani, vikaanguka.

Kisha ule mkono ukaharibika. Wakati huo Nakhumicha alikuwa amezoea kuja kwenye mashine jioni hata bila mahindi, akakaa juu ya gunia, akatumbukiza mkono kwenye unga wa moto na kuuacha humo. Alibonyeza sanduku la Gichuki, ikatoka kamba. Akabonyeza jingine, kamba tena. Vijana wakasonya, wakatafuta mtu mwingine.

"Wewe mkono umeufanya nini?" Gichuki akamtania.

Mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo Nakhumicha akamsogelea hadi sikioni. "Umepata joto. Siku hizi ile kitu unataka, hata mimi nataka."

Hakuwahi kumwambia neno kubwa kupita hilo, na Gichuki hakuhitaji jingine. Tangu siku hiyo kila kamba ilimfurahisha kama zawadi ya Krismasi.

Halafu Nakhumicha akapata kazi Kanduyi, kule Bungoma, karibu na kwao. Mwanzoni walipigiana simu kila jioni. Baadaye zikaja jumbe fupi. Baadaye ikawa "sawa" tu, na "niko kazi". Gichuki angeweza kumuuliza, si ana mdomo? Lakini kila akiliandika swali lile alilifuta, akaandika habari za mashine, mkanda umekatika, mkanda umeshonwa. Aliliogopa jibu kama mtoto anavyoogopa sindano. Badala yake akaliweka sanduku bila kulifungua. Sanduku ndilo lingemuulizia. Nakhumicha akilibonyeza likatoa kamba, basi mkono ungali na joto.

"Nitafungua," alimwambia Ngari, akizima mashine. "Lakini si hapa."

Ngari akamkodolea macho. "Usiniambie unaenda Bungoma juu ya game."

"Naenda."

"Na Mama Wakonyo akitoka Kitale, apate mashine yake imefungwa?"

"Mwambie naumwa," Gichuki akasema, na hakuwa anadanganya sana.

Duka alilolikuta Kanduyi lilikuwa la mapazia. Nakhumicha alipomwona alifurahi, na furaha yenyewe ndiyo iliyomtia Gichuki wasiwasi, maana alifurahi vile mtu anavyomfurahia jirani wa zamani.

"Gichuki! Sasa! Ati umetoka Kiminini hivi hivi?"

"Nimekuja tu kukuona."

"Karibu, kaa hapo. Wacha nimalize na huyu mama."

Mama huyo, mteja wa makamo, alikuwa anachagua kitambaa bila haraka. Gichuki hakukaa. Alinyoosha simu. "Nifungulie hili kwanza. Linaisha leo."

"Woi! Bado mnacheza hii kitu?" Nakhumicha akacheka, akajifuta mkono kwenye sketi.

Gichuki akafumba macho. Wenzake walikuwa wamemaliza miaka wakiliomba Joho la Radi, na yeye hapa, katikati ya mapazia, aliomba kamba. Kamba, Mungu wangu. Nipe kamba tu, hata iliyooza.

"Hiyo ya maua itapauka na jua, mama, chukua hii," alimsikia Nakhumicha akimwambia mteja, na papo hapo sanduku likafunguka. Alikuwa amebonyeza bila hata kuangalia.

Muziki ukalipuka. Gichuki hakuwahi kuusikia muziki huo, lakini aliujua. Alipofumbua macho, kioo kizima kilikuwa cha dhahabu, na Joho la Radi lilikuwa linazunguka polepole, zuri kuliko walivyosimuliana.

"Haiya! Si ndio hii mlikuwa mnalilia?" Nakhumicha akapiga makofi. "Ona, mkono yangu bado iko na bahati!"

"Bado," Gichuki akasema.

Simu ikaanza kutetemeka. Mchezo ulikuwa umewatangazia wote, na Ngari alikuwa wa kwanza kuandika: Mfalme! Kiminini tumelipata! Gichuki akaitia mfukoni, ikaendelea kutetemeka pajani kwa pongezi za watu.

Ni bahati nasibu tu, alijiambia. Simu itajuaje mambo ya watu? Basi akauliza kwa mdomo wake, kwa kuwa sasa hakuwa na pa kujificha.

"Nakhumicha, nimekumisi sana. Utarudi?"

Mteja akainamia kitambaa ghafla kana kwamba hajawahi kuona uzi. Nakhumicha hakucheka. Alimtazama kwa huruma, na Gichuki akaichukia huruma ile.

"Mimi nilingoja uniulize hiyo kitu," akasema taratibu. "Nilingoja sana. Wewe ulikuwa unaniambia tu habari ya mashine, ati mkanda, ati mkanda. Nikachoka, Gichuki. Sasa nimezoea huku."

"Nikatie basi hii ya kijani," mteja akasema kwa sauti ndogo.

Nakhumicha akavuta kitambaa kutoka kwenye robota, akamkabidhi Gichuki ncha yake, kama ambavyo angemkabidhi yeyote aliyesimama karibu. "Nishikie hapo, isiguse chini." Akaenda kinyumenyume akikikunjua, akapita viti, akapita mteja, hadi mlangoni kwenye mwanga wa barabara, na pazia likanyooka kati yao. Akapima. Akaweka alama kwa chaki.

"Sawa. Achilia."

Gichuki alishikilia.

"Gichuki. Achilia sasa."

Kitambaa kilikuwa laini, kizito kidogo, na kutoka upande wa pili aliuhisi mkono wake ukivuta.