Gari Lililolalia Kushoto

Asubuhi hiyo gari la komanda liliegeshwa juu ya sakafu ya ghala la zamani la pamba, mahali pekee mjini Baraka palipo sawa kama meza, na fundi Wilfried akapiga magoti kulipima. Alipima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Matatu yalilingana. La nyuma kushoto lilikuwa chini kwa upana wa kiganja.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya pili vya Kongo. Gari lenyewe komanda na askari wake walimnyang'anya tajiri mmoja wa Uvira, na lilikuwa la aina ile isiyo na springi: kila pembe imekalia mfuko wa mpira wenye hewa, na pampu ndogo huujaza mfuko unaoshuka. Pampu ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri bila kupumzika, na pembe haikuinuka. Komanda alikuwa na maelezo yake: dereva ametoboa mfuko. Dereva huyo, Alphonse, alikaa chini ukutani, mikono imefungwa kamba. Alikuwa mume wa Félicité, dada mdogo wa Wilfried. Tundu likionekana, alisema komanda, Alphonse atapigwa risasi. Lisipoonekana, atakwenda kula kwake. Komanda angependa fundi mwingine apime, asiye shemeji wa dereva, lakini wengine wote walikuwa wamevuka ziwa kukimbilia Kigoma.

Wilfried aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alikoroga sabuni ndani ya bakuli, akaupaka mfuko wa kushoto povu kwa brashi ya kunyolea ndevu. Penye tundu povu huchemka. Aliomba lisichemke, na halikuchemka. Alipaka mabomba yote hadi kwenye pampu. Povu likatulia tu. Kisha akafungua vile vijiti viwili vinavyoiambia pampu kimo cha gari, akahamishia cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, aone kama kosa litahama nacho. Kushoto kukabaki chini.

“Afande, hapana fasi inavuja,” alisema. “Gari iko muzima. Ni muzigo tu iko inabeba.”

Komanda akajibu kwamba amekuja peke yake, hakubeba mzigo wowote.

Wilfried akafungua mlango wa nyuma kushoto. Ndani walikaa watu, wamebanana mlangoni kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye kikapu, na sehemu nyingine yote ya gari ilikuwa tupu. Aliwafahamu karibu wote. Palikuwa na Mama Adolphine aliyeuza samaki sokoni, na mzee Twagirayezu, mfugaji wa Minembwe, fimbo yake katikati ya magoti. Hawa ndio wale ambao komanda aliwapandisha kwa nyakati mbalimbali kuelekea barabara ya Fizi, na gari likarudi bila wao. Walikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Wilfried akawasalimia, nao wakaitikia. Komanda akawasha sigara.

Wilfried aliuliza kwa heshima kwa nini wamekaa upande mmoja.

“Alituambia ni safari kidogo tu, tutashuka sasa hivi,” alisema Mama Adolphine. “Njo maana tulibakia karibu na mulango.”

Komanda alifikiri kidogo, akakubali kwamba hilo si kosa la dereva, na akaamuru kamba ifunguliwe. Wilfried akaifungua mwenyewe kwa furaha. Lakini gari, alisema komanda, ni lazima lisimame sawa.

Kazi hiyo haikuwa ngumu. Kabla ya kuwa fundi, Wilfried alikuwa konvuayeri wa malori ya Uvira, yaani yule anayewapanga abiria juu ya magunia ili lori lisipinduke kwenye makorongo. Alijua mnene hukaa karibu na mwembamba, na mzee hupewa pa kuegemea. Akamwomba mzee Twagirayezu asogee mbele, akamhamishia Mama Adolphine dirisha la kulia. Walisogea mara moja, maana kila aliyepanda lori pwani ile ya ziwa anajua konvuayeri habishiwi. Pembe ya kushoto ikapanda taratibu. Pampu ikanyamaza. Wilfried akapima magurudumu, yakalingana yote.

Mazoea yana taabu. Konvuayeri akimaliza kupanga, hupiga bodi makofi mawili na kutangaza nafasi zilizobaki, nusu ya mtaa isikie. Mkono wa Wilfried ukapiga bodi, na mdomo ukafuata wenyewe.

“Fasi moja! Imebakia fasi moja!”

Komanda akageuka. Alphonse alikuwa amefika kwenye lango la ghala, bado anasugua mikono ilipokaa kamba.

“Dereva,” komanda alisema. “Fasi iko. Panda.”

Wilfried alisema amekosea, kwamba kiti kile ni kibovu, kwamba gari litalala tena. Komanda akamjibu kwamba fundi anayepima vizuri namna hiyo hakosei. Alphonse alirudi polepole, akasimama mbele ya shemeji yake.

“Shemeki, umuambie Félicité asiningojee na chakula,” alisema, akaingia kwa mlango wa kushoto. Waliokuwamo wakampisha mpaka katikati. Komanda akashika usukani mwenyewe.

Gari lilirudi jua likiwa bado halijazama. Félicité alikuwa amengoja hapo ghalani hata hivyo, na sahani ya bugali, ugali wa muhogo, ameifunika. Komanda akashuka, akasema linakwenda vizuri, halivuti upande wowote. Wilfried akapiga magoti na kupima, machozi yakimdondokea kwenye utepe. Yote manne yalikuwa sawa. Félicité akafungua mlango, akaweka sahani juu ya magoti ya mume wake, naye akanawa na kula, akawapitishia wenzake. Alphonse naye sasa alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Komanda alimwambia Wilfried arudi Jumatatu, kwa kuwa kutakuwa na safari nyingine. Jumatatu Wilfried alikwenda. Aliwapanga abiria, akapima, na kabla ya kupiga bodi akajifunga mdomo kwa kitambaa. Komanda akachungulia ndani, akahesabu nafasi mwenyewe.